Kununua faiba isiyowashwa kwa vyuo na taasisi za utafiti: kuanzia ramani hadi kuwasha

Chuo kinachonunua intaneti kwa megabiti hulipa zaidi kila kinapokua. Wanafunzi wakiongezeka bili inapanda, na maabara ikianza kutuma data za jenomu au za hali ya hewa inapanda tena. Faiba isiyowashwa, ambayo mafundi wengi huiita daki faiba, inageuza hesabu hiyo. Unachukua nyuzi za kioo zilizokwisha kulazwa ardhini au kutundikwa kwenye nguzo, hazina mwanga ndani yake, kisha unafunga mitambo yako mwenyewe kila upande. Siku ukitaka kutoka gigabiti 10 kwenda 100, mkataba wa njia unabaki ulivyo. Kinachobadilika ni mitambo ya ncha mbili. Ni tofauti ya kununua maji kwa ndoo na kuwa na bomba lako.

Mwongozo huu umelengwa kwa mkuu wa TEHAMA, ofisa ununuzi na mwanasheria wa chuo, watu watatu ambao mara nyingi hukutana kwa mara ya kwanza siku zabuni inapokwama. Ili tusielee hewani, nitatumia njia moja ya mfano: Arusha hadi Moshi, kama kilomita 80 kwa barabara. Upande wa Arusha kuna Taasisi ya Nelson Mandela pale Tengeru, na upande wa Moshi kuna Chuo Kikuu cha Ushirika na hospitali ya KCMC pamoja na chuo chake. Mradi wenyewe ni wa kufikirika, lakini barabara, madaraja na umbali ni vya kweli.

Niseme mapema ninakosimama: kioo kinafanana popote. Unachonunua hasa ni njia, pamoja na mtu atakayeamka saa nane usiku kwenda kuiunga ikikatika. Kwa hiyo baadhi ya hatua hapa chini ni ndefu, na nyingine nazipitia haraka.

Hatua ya 1: Hakikisha unaihitaji

Faiba isiyowashwa haimfai kila mtu. Kama taasisi yako inatumia megabiti mia tano na haina fundi wa mtandao wa zamu ya usiku, nunua huduma iliyowashwa tayari, umalize. Faiba inaanza kulipa pale mahitaji yanapokua haraka, taasisi kadhaa zinapokuwa kwenye njia moja, na muda wa kuitumia unapozidi miaka kumi.

Njia hii imekwisha kupitiwa na wengine. CESNET ya Ucheki na SURFnet ya Uholanzi, mitandao ya elimu na utafiti ya nchi hizo, zilianza kukodi nyuzi tupu kwa ajili ya vyuo vyao mwanzoni mwa miaka ya 2000, na mtandao wa GÉANT unaounganisha watafiti wa Ulaya ukafuata mkondo huo katika awamu yake ya pili iliyoanza mwaka 2004. Walichogundua ni rahisi kueleza: gharama ya njia haifuati kasi. Ukiisha kuwa na jozi ya nyuzi, mmoja wa kutuma na mmoja wa kupokea, kila ongezeko la kasi ni suala la mitambo, na bei ya mitambo hushuka mwaka hadi mwaka.

Kabla ya kwenda mbali, zungumza na mtandao wa elimu na utafiti wa nchi yako. Kenya ina KENET, iliyoanzishwa mwaka 1999. Tanzania ina TERNET. Uganda ina RENU. Zote zimo katika UbuntuNet Alliance, umoja wa mitandao ya aina hii wenye makao yake Lilongwe, na kupitia mradi wa AfricaConnect zimewahi kunufaika na fedha za Umoja wa Ulaya. Chuo kinachokwenda peke yake kununua kilomita 80 kina nguvu ndogo ya kujadili bei. Mtandao wa taifa ukikaa mezani kwa niaba ya vyuo vitano, mwenye kebo husikiliza kwa makini zaidi. Tena huenda wana jozi ya nyuzi kwenye njia hiyo hiyo na wewe huna habari.

Uliza pia, kwa maandishi, mdhibiti wa mawasiliano: TCRA ya Tanzania, Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya au UCC ya Uganda. Swali ni moja tu: je, kuwasha nyuzi za kukodi kwa matumizi ya taasisi zenyewe kunahitaji leseni, na je, jibu linabadilika ukiuhudumia mtandao wa taasisi jirani? Jibu la mdomo lililotolewa kwenye semina halitakusaidia mkaguzi akija.

Hatua ya 2: Amueni nani anasaini

Hili huonekana dogo, na hapo ndipo miradi mingi ya pamoja hufia. Taasisi tatu zikikubaliana kwa tabasamu kwamba zitagawana gharama, swali la kuuliza ni hili: mmoja akikosa bajeti mwaka wa nne, sehemu yake inalipwa na nani? Andikeni makubaliano kabla ya zabuni. Chombo kimoja chenye hadhi ya kisheria kisaini na mwenye kebo; wengine wasaini na chombo hicho. Mgao uandikwe kwa asilimia, pamoja na kanuni ya mtu anayejitoa na ya anayeingia baadaye. Anayeingia baadaye alipe sehemu ya gharama za mwanzo, la sivyo kila mmoja atasubiri mwenzake atangulie.

Hatua ya 3: Tafuta njia, kisha itembee

Anza kwa kuorodhesha wote wanaoweza kuwa na nyuzi kwenye njia yako, bila kuishia kwenye kampuni za simu. Kenya Power hukodisha nyuzi zilizomo kwenye laini zake za umeme mkubwa, na huko Uganda UETCL, kampuni ya kusafirisha umeme, hufanya vivyo hivyo. Tanzania kuna Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano unaosimamiwa na TTCL. Angalia reli, angalia mabomba ya mafuta na gesi, angalia mamlaka za barabara. Popote penye njia ndefu iliyonyooka, kuna uwezekano mtu amelaza kebo.

Kwenye mfano wetu kuna korido tatu za kuulizia. Ya kwanza ni barabara kuu inayopita Usa River, Kikatiti na Boma Ng'ombe. Ya pili ni reli ya zamani ya Moshi–Arusha, iliyofufuliwa hivi karibuni. Ya tatu ni laini ya umeme ya kilovolti 132 kati ya kituo cha Kiyungi upande wa Moshi na Njiro upande wa Arusha. Kila korido ina ugonjwa wake. Kebo ya barabarani hufikika kwa urahisi, lakini kila katapila inayopita ni adui. Kebo iliyo ndani ya waya wa juu wa laini ya umeme haichimbwi na mtu wala haiibwi kwa urahisi, ila ikipata hitilafu matengenezo yanaweza kusubiri ruhusa ya kuzima laini, na fundi wa faiba wa kawaida hapandi nguzo ile. Binafsi, kwa jozi kuu ningechukua ya umeme, na ya barabarani ningeiweka akiba.

Sasa muulize kila muuzaji maswali mawili yasiyopendeza. La kwanza: kebo hii ni yako, au nawe umeikodi? Soko letu limejaa watu wanaouza haki waliyoipata kwa mtu mwingine, na si haramu, ila ukikodi kwa miaka 15 kutoka kwa mtu aliyebakiza miaka 6 umenunua mgogoro. Omba uone mlolongo wa haki hadi kwa mwenye kebo. La pili: nipe faili la njia lenye viwianishi, lile linalofunguka kwenye Google Earth. Watakuambia ni siri. Saini ahadi ya kutunza siri, upewe. Muuzaji anayekataa kabisa kuonyesha kebo yake inapopita, mwache.

Faili likifika, panda gari uifuate njia. Usimtume kijana wa mazoezi. Aende fundi mwenye jicho pamoja na mtu wa ununuzi, ili wote wawili waone kitu kile kile. Mnatafuta nini? Chemba zisizo na vifuniko, au zilizojaa maji na matope. Kebo iliyofunuliwa na mvua kwenye makaravati. Nguzo zilizoinama, nyaya zilizorundikwa kumi kumi kwenye nguzo moja, kebo inayoning'inia juu ya njia ya malori. Boksi za maungio zilizofungwa kwa mpira wa baiskeli. Pigeni picha na muandike kilomita. Picha hizo zitakuwa silaha yenu mezani.

Simameni kwenye madaraja. Baina ya Boma Ng'ombe na Moshi barabara inavuka mto Kikafu. Sehemu kama hiyo ndiyo inayoumbua madai ya "njia mbili tofauti". Kampuni mbili zinaweza kukuuzia nyuzi mbili zenye majina tofauti, bei tofauti na rangi tofauti kwenye ramani, halafu zote zikapita kwenye bomba moja lililofungwa ubavuni mwa daraja moja. Lori likigonga ukingo, njia zako zote mbili zimekwenda na maji. Ukitaka akiba ya kweli, weka mafaili yote mawili kwenye ramani moja, upime umbali kati yake kila panapopunguka. Kukutana mita chache karibu na lango la chuo kunavumilika. Kukutana darajani hakuvumiliki.

Kabla ya kurudi, piteni ofisi ya wakala wa barabara muulize mipango ya upanuzi. Kipande cha Sakina hadi Tengeru kilipanuliwa kuwa njia nne miaka michache iliyopita, na kazi ya namna hiyo inapofika, kila kilichomo kwenye hifadhi ya barabara hupewa notisi ya kuhama. Kebo inayohamishwa hukatwa na kuungwa upya, na kila kiungo kipya kinakula mwanga. Ukijua upanuzi unakuja, unaweza kudai bei ishuke au njia ibadilishwe kabla ya kusaini.

Mwisho wa matembezi, na hapa wengi huchoka mapema: kipande cha kutoka barabara kuu hadi chumba chako cha mitambo. Huenda ni mita mia nane tu, lakini kwa kila mita ndicho ghali kuliko vyote, na muuzaji huwa hakiweki kwenye bei ya kwanza. Kinapita ardhi ya chuo chenyewe, ambako kitengo cha majengo kina mkandarasi wa bweni jipya asiyejua kuna kebo. Chora njia hiyo, weka alama za zege juu ya ardhi, na ukiweza ingiza kebo kwa milango miwili tofauti.

Hatua ya 4: Piga hesabu ya mwanga

Usiandike zabuni bila kujua kama mwanga utafika. Hesabu ni ya kujumlisha na kutoa tu.

Barabara ni kilomita 80, lakini kebo huwa ndefu zaidi kwa sababu ya mizunguko ya akiba kwenye chemba na nguzo. Ongeza asilimia 10: kilomita 88. Kwenye nyuzi za kawaida za daraja la G.652.D, mwanga wa nanomita 1550 hupotea kama desibeli 0.22 kwa kilomita. Hiyo ni 19.4. Kebo huja kwa roli. Tukichukua roli za kilomita 4, kuna viungo kama 22, na kila kimoja tukikipa 0.1 tunapata 2.2. Konekta nne kwenye makabati ya faiba, 0.5 kila moja, ni 2. Jumla 23.6. Weka desibeli 3 za akiba kwa viungo vitakavyoongezwa na ajali za miaka 15. Tumefika 26.6.

Transiva, yaani kifaa cha kutuma na kupokea mwanga, ya gigabiti 10 inayouzwa kwa jina la "kilomita 80" kwa kawaida hustahimili upotevu wa desibeli 23 au 24. Kwa hiyo haitoshi, ingawa lebo inasema 80 na barabara ni 80. Una njia mbili: kuweka kituo cha kati, tuseme Boma Ng'ombe, chenye umeme na swichi, au kuweka kikuza mwanga kwenye ncha. Ya kwanza inakuongezea kibanda cha kulinda, betri na jenereta. Ya pili inagharimu zaidi siku ya kwanza lakini haikuachii kibanda njiani. Kama mnapanga kupitisha mawimbi mengi kwenye jozi moja kwa DWDM, kikuza mwanga mtakihitaji kwa hali yoyote.

Kuchelewa kwa mawimbi kusikusumbue. Mwanga ndani ya kioo huenda kama kilomita 200,000 kwa sekunde. Kwenda na kurudi kwenye kilomita 88 hakufiki milisekunde moja.

Hatua ya 5: Andika zabuni ambayo bei zake zinalinganishika

Kwa taasisi za umma sheria iko wazi: Tanzania ni Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023 na mfumo wa zabuni za kielektroniki wa NeST; Kenya ni sheria ya mwaka 2015. Nisiyarudie. Tatizo linalowapata watu wa faiba liko kwingine: wazabuni watatu huleta bei za vitu vitatu tofauti, na kamati ya tathmini inalazimika kulinganisha embe na nazi.

Kwa hiyo andaa jedwali la bei wewe mwenyewe, wao wajaze tu. Liwe na bei ya kuingia, yaani malipo ya mara moja ya haki ya matumizi. Ada ya matengenezo ya kila mwaka na kanuni ya kupanda kwake. Gharama ya vipande vya mwisho kwa kila taasisi, ikitajwa peke yake. Nafasi na umeme kwenye vibanda vya njiani. Na bei ya kuongeza jozi ya pili baadaye. Bei kwa kilomita itaje wazi kama ni kilomita ya njia au ya kioo. Tofauti ile ya asilimia 10 ina fedha ndani yake.

Upande wa kiufundi, taja daraja la nyuzi, kwani kebo za zamani za laini za umeme wakati mwingine ni G.655, ambayo tabia yake ni tofauti na G.652.D na mtu wa DWDM lazima ajue mapema. Taja upotevu wa juu kabisa wa ncha hadi ncha na wa kila kiungo. Omba jozi mbili, hata kama mtawasha moja. Kuongeza jozi siku ya mkataba ni nafuu kuliko kurudi kuomba mwaka wa tano.

Sasa ulinganishaji. Tuseme mzabuni wa kwanza anataka shilingi milioni 750 mwanzoni na milioni 60 kila mwaka. Wa pili anataka milioni 975 mwanzoni na milioni 30 kila mwaka. Kwa miaka 15, jumla tupu ni milioni 1,650 kwa wa kwanza na 1,425 kwa wa pili. Kamati inaona tofauti ya milioni 225 na kumpa wa pili kwa shangwe. Lakini shilingi ya mwaka wa 15 si shilingi ya leo. Ukipunguza thamani kwa asilimia 10 kwa mwaka, wa kwanza anakuwa kama milioni 1,206 na wa pili 1,203, wametoshana nguvu. Kwa asilimia 12 wa kwanza anakuwa nafuu: 1,159 dhidi ya 1,179. Kiwango hicho kiandikwe ndani ya nyaraka za zabuni kabla ya kufunguliwa, la sivyo atakayeshindwa atakata rufaa, na atakuwa na haki.

Kuhusu sarafu: soko la faiba limezoea dola, huku karo zinaingia kwa shilingi. Tanzania, kanuni za mwaka 2025 zimezuia bei za ndani kunukuliwa kwa fedha za kigeni, na hilo limewaondolea wanunuzi mzigo mmoja. Kwingineko, pigania sarafu ya nyumbani hata kama bei itapanda kidogo.

Hatua ya 6: Mkataba

Kuna aina mbili. Ukodishaji wa kawaida, wa mwaka au mitatu, unaokuachia uhuru wa kuondoka. Na haki isiyotenguliwa ya matumizi, inayojulikana zaidi kama IRU, ya miaka 15 au 20, unalipa sehemu kubwa mwanzoni na nyuzi zinakuwa kama mali yako kwa kipindi hicho. Kwa mtandao wa vyuo napendelea IRU kwa njia kuu na ukodishaji mfupi kwa vipande ambavyo bado hamna uhakika navyo. Fedha za wafadhili nazo huelekea IRU, kwa kuwa mfadhili anaweza kulipa mtaji mara moja ila hawezi kulipa bili kwa miaka 15.

Vifungu ambavyo mwanasheria asiviache:

Muuzaji akifilisika au akinunuliwa, haki yenu inamfuata mmiliki mpya. Bila kifungu hiki neno "isiyotenguliwa" ni pambo.

Saa ya matengenezo inaanza kuhesabiwa mlipopiga simu, si fundi alipofika. Muda wa saa nne hadi sita kwa wastani ni lengo linalofikika kwenye barabara kuu; kwa njia za mbali mkubaliane kwa ukweli kuliko kuandika namba tamu isiyotekelezeka. Fidia ya kuchelewa huwa ndogo na haimwumizi mtu, kwa hiyo ongezeni haki ya kuvunja mkataba na kurudishiwa fedha za miaka iliyobaki kama mikato itazidi kiwango fulani kwa mwaka.

Nani anaungwa kwanza? Kebo yenye nyuzi 96 ikikatwa na katapila, fundi ameketi kwenye mfereji na mashine yake ya kuunga, anaunga uzi mmoja mmoja kwa kufuata rangi: bluu, chungwa, kijani, kahawia, na kuendelea. Wateja wakubwa huwa wameshasema nyuzi zao ziungwe mwanzo. Kama zenu ziko kwenye fungu la mwisho la nyuzi na mkataba umenyamaza, mtakuwa mnasubiri saa nyingi baada ya kampuni ya simu kurudi hewani, na muuzaji atasema kwa unyoofu kabisa kwamba kazi inaendelea. Omba nyuzi za fungu la kwanza, au andika nafasi yenu kwenye foleni.

Kazi zilizopangwa: notisi ya siku kumi, na kalenda ya mitihani iwe kiambatisho cha mkataba. Kampuni ya simu haijui wiki ya mitihani ni nini, hadi uiandike.

Uhamishaji wa kebo kwa sababu ya barabara: muuzaji agharamie, na baada ya kuhama vipimo virudiwe na upotevu usizidi uliokubaliwa.

Nani anaruhusiwa kutumia: elimu, utafiti, hospitali za kufundishia, maktaba. Kitajwe kwa upana. Shule ya sekondari iliyo kando ya njia isije ikahitaji marekebisho ya mkataba ili ipate intaneti.

Sheria za ununuzi hazipendi malipo ya awali, na IRU kwa asili yake ni malipo ya awali. Suluhisho ni kugawa: sehemu ndogo dhidi ya dhamana ya benki, sehemu kubwa baada ya vipimo kukubaliwa, na kiasi kibakizwe hadi mtandao ufanye kazi miezi kadhaa.

Hatua ya 7: Pima kabla ya kulipa

Karatasi ya muuzaji yenye vipimo vyake si kipimo. Fundi wenu awepo ncha zote mbili.

Kila uzi upimwe kwa OTDR, mashine inayorusha mwanga ndani ya uzi na kuchora grafu ya mahali unapopotea, kutoka pande zote mbili, kwa nanomita 1310, 1550 na 1625. Pande mbili ni lazima, maana kiungo kinaweza kuonekana kizuri kutoka Arusha na kibaya kutoka Moshi. Jibu la kweli ni wastani. Nanomita 1625 huonyesha mikunjo: panapokuwa na upotevu mdogo kwa 1550 na mkubwa kwa 1625, kebo imebanwa mahali hapo, pengine ndani ya boksi la maungio alipoharakisha mtu. Tumieni uzi wa kutangulizia, kwani bila huo konekta ya kwanza haionekani kwenye grafu. Kisha pimeni upotevu wa jumla kwa chanzo cha mwanga na mita ya nguvu, muulinganishe na ile hesabu ya hatua ya 4. Mkipata 24, mko salama. Mkipata 29, rudisheni kazi.

Kabla ya kulaumu kebo, safisheni konekta na kuziangalia kwa darubini yake ndogo. Vumbi dogo tu kwenye ncha ya kioo linakula desibeli nzima. Na hakikisheni jozi haijapishana: uzi wa kwanza Arusha uwe wa kwanza Moshi.

Mafaili ya vipimo yahifadhiwe sehemu mbili. Kebo ikikatika mwaka wa sita, grafu ya siku ya kwanza ndiyo itakayowaonyesha mkato uko kilomita ya ngapi, na kama kiungo kipya kimefanywa vizuri.

Hatua ya 8: Washa, na utunze

Bajeti ya mitambo isiwe makombo ya bajeti ya njia. Transiva za akiba kila ncha, betri, jenereta yenye mafuta, kiyoyozi. Mikatiko mingi inayolalamikiwa kuwa ya faiba huishia kuwa umeme wa chumba cha mitambo. Wekeni mfumo unaorekodi kiwango cha mwanga kinachopokelewa kila dakika chache. Kikishuka taratibu kwa wiki mbili, mtu anachimba mahali au maji yameingia kwenye boksi, na mna muda wa kupiga simu kabla ya kukatika.

Kumbukeni pia mlichonunua kinaishia wapi. Mwezi Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini, na Afrika Mashariki ikazorota kwa siku kadhaa. Faiba yenu ya Arusha–Moshi ingekuwa hai muda wote huo, lakini mwanafunzi asingeiona faida yake kama kila anachosoma kiko ng'ambo. Unganisheni mtandao na kituo cha kubadilishana data kilicho karibu, kwa hapa AIXP ya Arusha, na mfumo wa mafunzo wa chuo, mihadhara ya video na nakala za programu vikae kwenye seva za ndani.

Jambo la mwisho ni la kalenda. IRU ya miaka 15 inaisha siku moja, na muuzaji anaijua tarehe hiyo vizuri kuliko ninyi. Mazungumzo ya kuongeza muda yaanze mwaka wa 12, wakati bado mna nafasi ya kwenda kwa mwenye korido nyingine. Tarehe hiyo iandikwe kwenye daftari la mikataba la taasisi, si kwenye simu ya mkuu wa TEHAMA ambaye wakati huo atakuwa amestaafu.